Mdogo wangu, nenda kwenye hiyo sherehe ya Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho na kuna kitu kimenikaa rohoni, nikaona nikuandikie hapa hapa hadharani maana sio wewe peke yako, watoto wetu wengi wakishafika vyuo vya Marekani wanasema hivyo hivyo, eti Februari, mwezi wa historia ya Weusi, ni mambo ya Wamarekani weusi, sisi ni Wakenya, sisi tumekuja kusoma.

Basi ngoja nikwambie. Huo mwezi hawakupewa na serikali. Carter Woodson, ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani na yeye mwenyewe akachimba makaa ya mawe West Virginia kabla hajasoma mpaka akapata PhD ya Harvard mwaka 1912, ndiye aliyeanzisha wiki moja ya Februari ya kukumbuka historia ya Weusi, mwaka 1926. Wiki tu. Kuifanya mwezi ni kazi ya wanafunzi, tena wa umri wako. Pale chuo cha Kent State, Ohio, Februari 1969, chama cha wanafunzi weusi pamoja na walimu wao walisema wiki haitoshi, na mwaka uliofuata wakaanza tarehe 2 Januari wakamaliza 28 Februari. Rais Ford wa Marekani anakuja kuutambua 1976, wenzako wameshazoea kusherehekea zamani!

Halafu kuna mama mmoja nampenda sana, Dorothy Porter. Alipewa kazi ya kujenga mkusanyo wa vitabu vya watu weusi pale Howard, chuo kikuu cha watu weusi Washington, mwaka 1930. Sasa maktaba za wakati ule zilipanga vitabu kwa namba za Dewey, yaani kila mada na namba yake, na kitabu cha mtu mweusi, kiwe cha nini, kilisukumwa ama 325, ukoloni na uhamiaji, ama 326, utumwa. Hata mashairi! Mshairi mweusi James Weldon Johnson kaandika mashairi yake mazuri, unayakuta kwenye rafu ya ukoloni. Mama akakataa. Akavipanga upya, mashairi yakae na mashairi, muziki na muziki, na kwa kuwa bajeti hakuna akawa anawaandikia wachapishaji kuwaomba vitabu, mtu akifariki anaenda kwa familia kuuliza makaratasi yake msiyatupe. Aliifanya kazi hiyo mpaka 1973. Leo mtu akiandika tasnifu kuhusu watu weusi ana pa kuanzia, kwa sababu yake.

Na hilo la "sisi ni Wakenya" ndilo limeniuma zaidi. Septemba 1959 ndege ilitoka Nairobi na wanafunzi 81, ni Tom Mboya, mwanasiasa wetu, alizunguka Marekani kuwatafutia skolashipu na nauli, na barua ya kuchangisha hizo pesa ilisainiwa na Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji. Watu weusi hao. Wakati huo kule kusini ndugu zao wengi walikuwa hawaruhusiwi hata kupiga kura, na bado walitoa majina yao na pesa zao ili mtoto wa Nyeri au Kisumu asome. Wangari Maathai alipita njia hiyo hiyo 1960, akaenda kusoma Kansas. Unaona sasa kwa nini siwezi kukuacha useme hayakuhusu?

Kwa hiyo usiku wa mashairi nenda, ile ngoma yao ya kupiga miguu na makofi nenda kaiangalie mbele kabisa, na wakiomba watu wa kupika jitolee, pilau yako naijua. Usikae kona moja na Waafrika wenzako mkiongea Kiswahili usiku kucha, kaa na wenyeji, uliza bibi zao walitoka wapi, na wao wakuulize kwetu.

Jumapili nitakupigia, uniambie ulikaa meza moja na nani.

Dada yako