Mama, leo nimekosa nini?

Mbeya,
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku wote ni wazima, ila baridi imetukamata kweli. Asubuhi watoto wanatoka na masweta mawili mawili. Ulipopiga Jumatano nilikuwa kwenye daladala, konda anapiga kelele huku na honi kule, na swali lako halikuwa la kujibiwa kwa kupaza sauti mbele za watu. Nimeona niketi nikuandikie, kama tulivyokuwa tukiandikiana likizo za shule.

Umeniuliza nimefanyaje mpaka wanangu wakasoma Biblia kila siku, maana wa kwako wanakutana nayo Jumapili, wakirudi nyumbani inarudi kabatini. Ukasema unaona umeshindwa kama mama. Dada yangu, kabla sijakueleza tunavyofanya, acha nikueleze nilivyoharibu, kwa sababu mengi ninayoyashika leo nimeyajulia hapo.

Mwaka juzi nilikuwa na desturi niliyoiona ya busara sana. Mtoto akigombana na mwenzake, akisema uongo, akirudi amepoteza daftari, sikumchapa. Nilimpa Biblia. "Kaa pale, kariri Zaburi ya 1 yote, usiinuke mpaka umeishika." Niliona nimepata adhabu isiyo na fimbo, na Neno linaingia humo humo.

Jioni moja hakuna aliyekosa. Tulikuwa tumekula vizuri, moyo wangu umechangamka, nikasema leo tusome pamoja. Nikaenda chumbani, nikarudi na Biblia mkononi. Yule wa katikati, alikuwa na miaka 7 wakati ule, akaiona, akasimama. Mikono akaiweka nyuma. Akaniangalia usoni akauliza, "Mama, leo nimekosa nini?"

Naandika hivi na uso wake bado nauona. Nilikaa na Biblia mapajani na sikusoma kitu jioni ile. Zaburi ya 119 inasema Neno ni taa ya miguu, nami nilikuwa nimelifanya fimbo. Tangu siku ile sijampa mtoto mstari kama adhabu, na ilichukua miezi yule kijana aache kukunja uso kila nilipofungua kitabu. Kama una desturi hiyo, hata kidogo, iache leo hii.

Usiku ule nilimkumbuka bibi yangu wa Rungwe, mzaa mama. Bibi hakujua kusoma. Wengi kanisani hawakulijua hilo, maana alikwenda na Biblia kwapani kama wenzake. Kila siku baada ya kula, kabla moto haujafunikwa majivu, alitoa kile kijitabu chetu Wamoravian cha maneno ya kila siku, akampa mjukuu aliye karibu naye. "Nisomee." Unasoma kwenye mwanga wa kibatari mstari wa Agano la Kale, kisha wa Agano Jipya. "Rudia." Unarudia. "Rudia tena, polepole, mimi mzee." Mara ya tatu anausema pamoja nawe, macho ameyafumba. Kisha anauliza swali moja tu: "Wewe umesikia nini?" Ukisema lolote, anaitika "Eee," anaomba maneno machache, mnakwenda kulala. Hakutusahihisha hata siku moja. Sisi tulidhani tunamsaidia bibi. Nimekuwa mtu mzima ndipo nimetambua nani alikuwa akifundishwa, na kila nikisoma Paulo akimtaja Loisi, bibi yake Timotheo, namwona huyu wangu na kibatari chake.

Kijitabu kile wewe Mlutheri umewahi kuniuliza habari zake. Kilianza Herrnhut, Ujerumani, Mei 1728, pale Zinzendorf, kiongozi wao, alipowapa waumini mstari mmoja wa kwenda nao siku ya pili yake, na asubuhi mtu akapita nyumba kwa nyumba kuwapelekea. Tangu 1731 mistari ya mwaka mzima ikaanza kuchapwa kitabu. Mpaka leo ya Agano la Kale inaokotwa kwa kura huko huko Herrnhut, kwenye bakuli, halafu inatafutwa ya Agano Jipya ya kufuatana nayo, na inasomwa kwa lugha zaidi ya 50. Wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe 1891 walikuja na desturi hiyo. Nakueleza haya kwa ajili ya kipimo chake. Watu wale hawakupewa sura tatu za kumaliza. Walipewa mstari wa kubeba moyoni huku mikono ina kazi.

Mimi nilikuwa nimejaribu kwa sura tatu. Unaujua mpango ule: Biblia ina sura 1,189, ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili, mwaka unaisha nayo. Tulianza tarehe 1 Januari, sote mezani, nami nina shauku. Mwanzo ikapita, Kutoka ikaanza kuwa nzito kwenye vipimo vya hema, na kabla Januari haijaisha tuko Mambo ya Walawi, ugonjwa wa ngozi na kuhani, kitindamimba amelala kwenye kiti na mkubwa anahesabu kurasa zilizobaki. Mpango ule ni mzuri kwa mtu mzima aliyejipanga. Kwa watoto wangu ulikuwa mzigo wa mtu mwingine.

Tukaanza upya na Marko. Ina sura 16, fupi fupi, kila mahali mtu anaponywa au anashangaa. Mistari kama 10 kwa usiku, basi. Ikatuchukua miezi mitatu kasoro. Wanasoma wao, mimi nasikiliza, na nimechukua lile neno la bibi: rudia. Hapo ndipo mambo yakaanza kufunguka. Tulifika sura ya 4, dhoruba. Tunasoma Biblia ile ya Union ya 1952, nayo inasema Yesu alikuwa "katika shetri, amelala juu ya mto." Wa katikati akaacha kusoma. "Mama, amelalaje juu ya mto na hazami? Na si walikuwa ziwani?" Alikuwa anauona mto wa maji, kama Kiwira inavyopita kule kwa bibi! Nikaenda kitandani nikaleta mto wangu, nikauweka mezani katikati ya sahani. Wakacheka mpaka wakachoka. Kisha mkubwa akasema, taratibu, "Kwa hiyo alikuwa amechoka kabisa, mpaka akatafuta mto." Rafiki yangu, nimesikia mahubiri mengi juu ya dhoruba ile, na sikumbuki aliyenionyesha Bwana aliyechoka hivyo. Shetri sikuijua mimi mwenyewe. Wewe wa huko Kigamboni unaziona mashua kila siku, lakini sisi wa milimani tulilazimika kuuliza, ndiyo sehemu ya nyuma ya chombo. Sura ya 5 wakasikia "Talitha, kumi", yaani "Msichana, inuka", wakadhani ni kumi ya hesabu, na binti yule ana miaka kumi na miwili, sawa na mkubwa wangu. Alinyamaza sana usiku ule. Kitindamimba yeye alichoshika ni kwamba Yesu aliagiza apewe chakula. "Alijua ana njaa," akasema, akaendelea kuchora.

Sasa kuhusu saa, maana hapo ndipo ulipoona pagumu. Wanao wanatoka na basi la shule giza bado, wanarudi jioni wamechoka na kazi za nyumbani juu yake. Usiwaamshe mapema zaidi, nakuomba. Nilijaribu alfajiri wiki mbili, tukawa tunasoma kwa hasira. Tafuta jambo ambalo nyumbani kwenu halikosekani kila siku, ulishike hapo. Kwetu ni chakula cha usiku. Tumekubaliana vyombo havitoki mezani mpaka tumesoma, na kwa kuwa kila mtu anataka kuondoka, hakuna anayesahau. Dakika kumi. Umeme ukikatika tunasoma kwa tochi, na watoto wanapenda zaidi. Tukikosa siku, hatulipi deni kesho yake, tunaanzia tulipoishia. Deni ndilo lililotuua kule Walawi.

Baba watoto, unajua kazi yake ya lori, wiki nzima yuko njiani. Nilidhani atakuwa nje ya jambo hili. Siku moja amekwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma, akapiga wakati tunasoma, nikaweka spika, watoto wakamwambia, "Baba, zamu yako." Akasoma. Nyuma yake unasikia malori yananguruma na watu wanauza mayai. Sasa mistari yake anaachiwa, na akikosa mtandao watoto wanaulizana kama baba amesoma. Shemeji kama anaingia kazini usiku, mpigie mapema, hata asome mistari miwili.

Jambo lingine dogo ambalo nimeliona ni kubwa: tumia Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu ninayo, naitumia nikiwa safarini, sina neno nayo. Lakini mtoto akikuona umeinamia simu hawezi kujua kama uko Isaya au uko kwenye meseji. Biblia ya karatasi ikiwa imefunguliwa kando ya meko, anaijua ni nini. Mimi yangu nasoma asubuhi maji ya chai yakiwa jikoni, Zaburi moja mpaka yachemke, na ile ya 119 naigawa siku nyingi. Sikuwaambia watoto. Mwezi uliopita nimemkuta kitindamimba amekaa kwenye kigoda changu, Biblia ameishika juu chini, midomo inacheza. Hajui kusoma bado.

Mkubwa nimempa Mithali. Ina sura 31, kwa hiyo anafuata tarehe: leo tarehe ngapi, sura hiyo. Anachagua mstari mmoja anauandika kwenye daftari lake, wala siombi kuliona.

Na maswali, dada. Usiyaogope. Shangazi yao alipougua mwaka jana tulimwombea kila usiku, wakamwombea kwa machozi, na Bwana akamchukua. Baada ya mazishi binti yangu mkubwa akaniuliza mezani, mbele ya wote, "Kwa hiyo Mungu hakutusikia?" Jibu nililolelewa nalo lilikuwa midomoni tayari, kwamba Mungu hahojiwi. Nikalimeza. Nikamwambia, "Sijui kwa nini, mwanangu. Nami nimemuuliza." Kisha nikampa Zaburi ya 13 asome: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Akaurudia bila kuambiwa. Akavuta kitabu karibu na macho kama anayetaka kuhakikisha. "Kumbe imeandikwa humu," akasema. "Kumbe mtu anaweza kumwambia hivyo." Siwezi kusema maumivu yaliisha. Ila usiku ule aliomba, na kabla ya hapo alikuwa amegoma siku nne.

Nimelifikiria sana Kumbukumbu la Torati 6, kwamba tuyanene maneno haya "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Njiani pia wanasikia, na wanasikia yote. Wiki iliyopita nilimwambia mtu kwenye simu "niko njiani, nakaribia," na nilikuwa hapa hapa jikoni namenya ndizi. Wa katikati aliniangalia tu. Nikampigia yule mtu tena mbele yake, nikamwambia ukweli. Iliniuma, lakini nadhani lile lilikuwa somo kuliko usiku mwingi wa Marko.

Mwanao wa mwisho asiyekaa chini, mwache achore wakati wenzake wanasoma, masikio yake yapo. Na wewe mwenyewe usingoje mpaka ujue kila kitu. Bibi hakujua herufi.

Nimekufungia mzigo, unaondoka na basi la kesho usiku. Namba ya risiti nitakutumia, utauchukua pale stendi ya Magufuli Jumanne. Kuna maharage, viazi, parachichi ambazo bado ngumu, ziweke kwenye unga. Chini kabisa, ndani ya kitenge, kuna Biblia ya maandishi makubwa kwa ajili ya meza yenu. Nimeweka uzi mwekundu kwenye Marko 1. Anza na mkubwa wako, mistari minane, halafu mwambie arudie.

Msalimie sana shemeji na watoto. Nijulishe wamesikia nini.

Wako katika Kristo,
rafiki yako wa tangu bwenini