Bronzini hakushinda kwa kubebwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mbio za dunia za baiskeli za wanawake ilimmaliza Giorgia Bronzini wa Italia kwa sentensi mbili: kwamba ubingwa wake wa mara mbili aliupata kwa "kujibanza nyuma ya Marianne Vos", na kwamba Mholanzi huyo "alikosa bahati" miaka mitano mfululizo. Wasomaji wengi wa huku wameanza kuzifuatilia mbio hizi tangu Kigali ilipoziandaa Septemba 2025. Wanastahili maelezo bora kuliko hayo.

Nianze na hiyo bahati. Ni kweli, kuanzia 2007 hadi 2011 Vos alimaliza wa pili kila mwaka. Stuttgart 2007 alimpita Bronzini, aliyekuwa wa tatu, lakini Marta Bastianelli alikuwa keshachomoka peke yake na kufika. Varese 2008 alizidiwa na Nicole Cooke wa Uingereza. Mendrisio 2009 Tatiana Guderzo naye akafika peke yake. Geelong, Australia, 2010 na Copenhagen 2011 ndipo aliposhinda Bronzini. Mara nne kati ya tano ni Waitalia, tena Waitalia watatu tofauti. Bahati gani hiyo yenye uraia?

Mbio za dunia hukimbiwa kwa timu za taifa. Italia ikishapeleka mtu mbele, wenzake waliobaki kundini hawavuti tena, yaani hawakai mbele kukata upepo. Wanakaa nyuma ya Vos na kumwachia yeye na Waholanzi wenzake kazi ya kufukuza. Akifukuza, anachoka huku akimpeleka Bronzini mwishoni akiwa na miguu mibichi. Asipofukuza, aliyetoroka anaondoka na ubingwa. Kwa hiyo Bronzini alikuwa na kazi hata siku ambazo hakushinda: kuwapo kwake tu kundini kuliwapa nafasi wenzake waliotangulia.

Sasa huko kujibanza. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mita 200 za mwisho huchukua sekunde 12, na mita 300 huchukua sekunde 18. Nguvu ya juu kabisa ya miguu haidumu sana zaidi ya sekunde kumi na kitu, kwa hiyo anayeanza mita mia moja mapema anadaiwa sekunde sita asizokuwa nazo, na barabara ikipanda deni linakua. Geelong, Cooke na Judith Arndt wa Ujerumani walikuwa wametangulia katika raundi ya mwisho na walinaswa mstari ukiwa unaonekana. Vos alilazimika kufungua kasi ya mwisho mapema. Bronzini akangoja, akampita mwishoni kabisa. Copenhagen mteremko haukuwapo. Barabara ilikuwa ikipanda taratibu hadi mstarini, na hesabu ikawa ile ile.

Kungoja huko ni ufundi wenye masharti yake. Gurudumu lako la mbele linakaa kama sentimita 30 kutoka gurudumu la nyuma la mwenzako, upande ule usiopigwa na upepo. Ukiachia pengo la mita mbili au tatu, kinga inapungua, na kuliziba kunakula nguvu ile ile uliyokuwa ukiitunza. Ukisogea mno naye akayumba, magurudumu yakigusana anayeanguka kwa kawaida ni wa nyuma, kwa sababu lililoguswa kwako ndilo linaloelekeza baiskeli. Ukikaa upande wa uzio unafungiwa, na hapo hata uwe na miguu ya chuma huna pa kutokea. Na wakati wa kutoka, unaanza kuongeza kasi ukiwa bado kwenye kinga, ili upepo ukukute tayari una mwendo kuliko wa mbele.

Kuna na gia. Meno 53 mbele na 12 nyuma husogeza baiskeli takriban mita 9.3 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwa kilomita 60 kwa saa hiyo ni mizunguko kama 108 kwa dakika. Ukiweka 11 nyuma, unapata mita 10.1 na mizunguko kama 99. Gia nzito inavutia kwenye tambarare. Kwenye kilima inachelewa kushika kasi, na mtu akichomoka pembeni yako wakati unaikandamiza, ushapitwa kabla haijazunguka vizuri.

Makala yenu haikugusa kabisa mahali ambapo mambo haya hufunzwa vizuri. Mwaka 2009, huko Pruszków, Poland, Bronzini alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za pointi uwanjani: mizunguko 100 ya mita 250, kila mizunguko 10 kukimbilia mstari kugombea pointi 5, 3, 2 na 1, juu ya baiskeli yenye gia moja isiyo na breki. Hapo mtu anachagua gurudumu la kufuata mara kumi ndani ya nusu saa na ushei, na akikosea hana gia ya kumwokoa. Anayedhani kukaa nyuma ya mtu kunatosha aangalie mbio za dunia za Leuven, Ubelgiji, 2021. Elisa Longo Borghini alimvuta Mwitaliano mwenzake Elisa Balsamo, safari hii Vos ndiye aliyekaa nyuma ya gurudumu la Balsamo, na bado akashindwa kumpita. Akawa wa pili tena.

Kuna pia kosa la tarehe. Mliandika kwamba Bronzini alistaafu 2016. Alistaafu mwisho wa msimu wa 2018. Mwaka uliofuata aliingia kwenye gari la timu ya wanawake ya Trek-Segafredo akiwa mkurugenzi wa mbio, pamoja na Ina-Yoko Teutenberg, yule Mjerumani aliyekuwa wa tatu Copenhagen.

Msomaji wenu,
Arusha