Kumbukumbu za Baba: tumeni sauti kabla ya Alhamisi

Assalaam aleykum ndugu zangu. Hitma ya arobaini ya Mzee ni Jumamosi baada ya Laasiri, nyumbani Ngamiani.

Kabla ya hapo kila mmoja aturushie sauti, dakika mbili tu (Shangazi, mbili kweli!), atusimulie jambo moja la Baba. Nitaziunganisha watoto wasikie.

Naanza mimi. Akirudi na sambusa zimefungwa kwenye gazeti, hatuli mpaka mmoja asome habari ya kwenye karatasi ile kwa sauti. Mafuta yameshakula nusu ya maneno, na Baba anayajazia ya kwake. Mpaka leo sijui zipi zilikuwa habari za kweli.

Mambo ya mchele wa hitma nitawaandikia kesho.