Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msimu wa 2022 wa Chicago Bears

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawasilisha taarifa ya msimu uliokwisha Januari 8, 2023. Bears, timu yetu ya futiboli ya Marekani, walishinda mechi 3 na kupoteza 14. Tangu klabu ianzishwe mwaka 1920 ilikuwa haijawahi kupoteza mechi nyingi kiasi hicho kwa msimu mmoja, wala kupigwa mara 10 mfululizo ndani ya msimu. Walifunga pointi 326 na kufungwa 463, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi ya NFL mwaka huo.

Kabla ya kuanza kulaumiana, msimu huu usomwe kwa vipande viwili. Katika mechi 7 za kwanza tulishinda 3, mojawapo ikiwa ile ya 33–14 dhidi ya Patriots, na tukafungwa pointi 132, wastani usiofika 19 kwa mechi. Oktoba 26 mlinzi Robert Quinn akapelekwa Philadelphia kwa chaguo la raundi ya 4 la drafti, yaani mgawo wa kila mwaka wa wachezaji wapya. Dallas wakatupiga 49–29 Oktoba 30, na kesho yake mlinzi mwenzake Roquan Smith akaenda Baltimore. Mechi 10 za mwisho tulifungwa pointi 331, yaani 33 kila mechi, bila ushindi hata mmoja.

Ulinzi mzima ulimwangusha kwotabeki (mrusha pasi mkuu) wa wapinzani mara 20 tu, idadi ya mwisho kwenye ligi. Aliyeongoza ni Jaquan Brisker, mara 4, naye ni beki wa nyuma kabisa, tena mgeni wa ligi. Beki wa nyuma akishika namba moja kwa kazi hiyo, jua mstari wa mbele haufiki. Kwotabeki anapata muda, na hakuna beki anayeweza kumkaba mpokeaji kwa sekunde tano.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo wanachama wengi wanauliza kwa nini klabu haikununua wachezaji. Kikomo cha mishahara cha 2022 kilikuwa dola milioni 208.2 kwa kila timu. Bonasi ya kusaini mchezaji hulipwa mapema, lakini kwenye hesabu za ligi hugawanywa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi 5. Mchezaji akiondoka katikati, sehemu ambayo haijahesabiwa huangukia klabu iliyomwachia. Mlinzi Khalil Mack alipopelekwa Chargers Machi 2022, alituachia mzigo wa dola milioni 24 kwenye hesabu ya mwaka huo, huku akicheza Los Angeles. Meneja mkuu Ryan Poles, aliyeingia Januari 2022 pamoja na kocha Matt Eberflus, aliamua kuyalipa madeni ya aina hiyo kwa mkupuo badala ya kuyasogeza mbele. Faida yake ilionekana msimu wa usajili wa 2023: Bears walikuwa na nafasi kubwa chini ya kikomo kuliko timu zote, wakamchukua Tremaine Edmunds kwa miaka 4 na dola milioni 72, pamoja na T.J. Edwards. Malinebaka (walinzi wa safu ya pili) wawili, sawa. Lakini hapo hatukuona wa kumfikia kwotabeki.

Kwa upande wa mashambulizi, timu ilikimbiza mpira yadi 3,014, ya kwanza kwenye ligi, na ikawa ya mwisho kwa pasi. Kwotabeki wetu Justin Fields peke yake alikimbia yadi 1,143. Mechi ya Miami alikimbia 178, rekodi ya kwotabeki katika mechi ya msimu wa kawaida, na bado tukapoteza 35–32. Aliangushwa mara 55. Sehemu ya lawama ni ya mstari wa mbele: Lucas Patrick alivunjika kidole gumba kambini, Cody Whitehair akaumia goti, na upande wa kushoto ukaachiwa Braxton Jones, chaguo la raundi ya 5, ambaye kwa kweli alijitahidi mechi zote 17. Sehemu nyingine ni ya Fields mwenyewe, anayekaa na mpira akisubiri mtu abaki peke yake. Na wapokeaji walikuwa haba. Darnell Mooney alipoumia kifundo mechi ya Jets, pakabaki Cole Kmet.

Mechi 7 kati ya zile 14 zilipotea kwa pointi 8 au pungufu. Hizi hazikuwa bei ya kujenga upya, zilikuwa uzembe. Washington walishinda 12–7 baada ya mpira wao wa kupigwa juu kumponyoka Velus Jones karibu na goli letu. Detroit walishinda 31–30 siku ambayo mkwaju wetu wa pointi ya ziada ulikosa.

Kosa kubwa la uongozi ni mpokeaji Chase Claypool. Novemba 1 alinunuliwa kutoka Pittsburgh kwa chaguo letu la raundi ya 2. Nafasi ya chaguo hupangwa kwa matokeo: kadiri unavyopoteza, ndivyo linavyopanda thamani. Timu iliyokwisha kuvunja ulinzi wake ilipaswa kujua inakwenda wapi. Chaguo hilo likawa namba 32, ambalo mwaka 2023 lilikuwa kama la raundi ya kwanza kwa kuwa Miami walinyang'anywa lao. Claypool alidaka mipira 14, yadi 140. Chaguo la raundi hiyo tulilopewa na Baltimore kwa Smith lilikuja kuwa namba 53.

Bahati ilirudi siku ya mwisho. Tulipigwa 29–13 na Minnesota, Nathan Peterman akiwa kwotabeki. Wakati huohuo Houston, wakiwa na jaribio la nne, yaani la mwisho, na yadi 20 mbele, wakapata tachidauni (kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani) na pointi 2 za nyongeza, wakawashinda Colts 32–31. Chaguo la kwanza la drafti likahamia kwetu. Kocha wa Houston alikuwa Lovie Smith, yuleyule aliyetufundisha 2004 hadi 2012. Alifukuzwa usiku huo.

Machi 10, 2023 Poles aliwapa Carolina chaguo hilo, akapata namba 9, namba 61, raundi ya kwanza ya 2024, raundi ya 2 ya 2025 na mpokeaji DJ Moore. Namba 9 ilishushwa hadi 10, tukamchukua Darnell Wright wa kulinda upande wa kulia. Kwa hiyo msimu wa 2023 wanachama walilazimika kufuatilia pia matokeo ya Carolina, na kuwaombea mabaya.

Hoja ya Claypool imetengewa dakika 20 kwenye ajenda, si zaidi. Sasa namkaribisha mhazini asome taarifa ya fedha.