Mheshimiwa Spika, wazee hawa wanaidai Marekani tangu 1944

Kwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu mabaharia wa meli za biashara wa Vita Kuu ya Pili.

Jeshi lilimkataa kijana wa miaka 16 kwa kuwa bado mdogo. Meli ya biashara ilimpokea, ikasheheni mafuta au baruti, akavuka nayo Atlantiki huku nyambizi za Wajerumani zikiiwinda. Chuo cha mabaharia cha Kings Point peke yake kilipoteza makadeti 142, kwa sababu sehemu ya masomo yao ilikuwa baharini, na bahari yenyewe ilikuwa vitani.

Mmoja wao ni Edwin O'Hara, miaka 18. Septemba 27, 1942, meli yake, Stephen Hopkins, ilikutana na manowari ya Kijerumani Stier kusini mwa Atlantiki. Mzinga mkubwa wa maana kwenye Stephen Hopkins ulikuwa mmoja tu, umefungwa tezini, yaani nyuma ya meli. Wapigaji wake walipouawa, kadeti huyu aliushika, akafyatua makombora matano yaliyosalia. Aliuawa palepale. Stephen Hopkins ilizama. Stier nayo ikazama. Manusura 15 wa Stephen Hopkins walifika Brazil kwa mashua baada ya siku 31.

Juni 1944 Rais Roosevelt alisaini sheria iliyowapa wanajeshi ada za vyuo na dhamana ya mikopo ya nyumba, akasema anatumaini Bunge litawapa mabaharia fursa kama hizo. Halikuwapa. Wapo waliosema walilipwa mishahara minono. Na aliyezama, mshahara ulimfaa nini? Hadhi ya maveterani waliipata 1988, tena baada ya kwenda mahakamani. Aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1944 alikuwa anagonga 60. Aanze chuo kipi?

Mwaka 2022 Bunge liliwatunuku Nishani ya Dhahabu. Ni heshima kubwa, sibishi, ila nishani hailipi deni. Muswada wa kumlipa kila aliye hai dola 25,000, mara moja tu, umewasilishwa Bunge baada ya Bunge na kuishia kwenye kamati.

Mheshimiwa, hata aliye mdogo kuliko wote sasa anakaribia miaka 100. Upangie muswada huo siku ya kura mwaka huu. Kama kikwazo ni fedha, agiza wahesabiwe waliobaki, kisha utuambie hadharani ni fungu gani la bajeti litakalotetereka.

Wako katika kusubiri jibu,
Mfuatiliaji wa historia ya mabaharia