Harambee ya vipimo vya mama yetu wa sauti ya pili

Bwana Yesu asifiwe, washarika na marafiki mlio mbali.

Wengi mnamfahamu mama yetu wa sauti ya pili, anayeuza ndizi Soko la Mbuyuni hapa Moshi. Asubuhi anajitwisha tenga lake bila shida. Jioni, kwenye mazoezi ya kwaya, ubeti wa kwanza anaimba vizuri. Ukifika wa tatu jicho la kushoto limefumba nusu, sauti inatokea puani, na kitabu cha nyimbo kashikiwa na jirani. Mwaka mzima aliambiwa mvivu, wengine wakasema karogwa. Ilituuma sana.

Ana miastenia, ugonjwa wa misuli kulegea. Mishipa ya fahamu huiamrisha misuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na kingamwili zake mwenyewe zinashambulia sehemu za msuli zinazoipokea. Ndiyo maana akipumzika anapata nguvu, akiendelea na kazi analegea. Daktari alimpima mkononi kwa umeme mdogo, mapigo matatu kwa sekunde. Pigo la kwanza msuli ulijibu vizuri. Kufikia la nne jibu lilishapungua kwa zaidi ya asilimia 10.

Dawa zipo. Tangu 1934, Dkt. Mary Walker wa Uingereza alipomwona mgonjwa wake akipata nguvu baada ya sindano, ugonjwa huu unatulizwa. Ila hupanda na kushuka, na dozi hufuata hali ya mgonjwa, hivyo kupimwa mara moja hakutoshi. Sisi tumeanzisha daftari: kila Jumamosi tunahesabu sekunde anazoweza kunyoosha mikono, kisha yeye anahesabu namba kwa pumzi moja. Mwezi uliopita alifika 31. Juzi aliishia 22. Hiyo ndiyo inayotutia hofu, maana misuli ya kupumua nayo ikilegea, ni kumkimbiza hospitali usiku huohuo.

Tunaomba shilingi 1,800,000 za kliniki, kurudia kipimo, dawa na nauli kwa mwaka mmoja, bima hana. Mnada ni Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili: leteni mayai, kuku, ndizi, chochote. Mlio mbali, mtumieni mhazini wa usharika. Daftari litakuwa mezani kwake, njooni mlione.

Na atakayemsindikiza zahanati, tafadhali amtajie mhudumu ugonjwa huu kabla ya sindano yoyote. Jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, inaweza kumzidishia.