Habari yenu ya ALS imemuumiza mgonjwa wetu

Mhariri,

Nasoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia, ila ile habari ya wiki iliyopita kuhusu ALS, ule ugonjwa wa neva unaonyausha misuli, imenishinda. Eti chanzo ni mawazo mengi na kula hovyo. Nani kawaambia?

Kaka yangu anaumwa ALS. Ilianza mkono wa kulia, akawa anashindwa kufunga vifungo vya shati, nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada ikabonyea, misuli ya mkono ikawa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi hata akiwa amelala. Daktari wa kwanza akasema neva ya shingo imebanwa, mpaka alipofika kwa daktari bingwa wa neva akapimwa umeme wa misuli ndo tukajua. Sasa tangu mchapishe ile habari shangazi anapiga simu kumuuliza alikuwa anawaza nini hadi akajiletea ugonjwa, na yeye kuongea kwenyewe ni shida, anabaki analia tu na simu iko sikioni!

Kinachojulikana ni kwamba neva zinazoamrisha misuli, za kwenye ubongo na uti wa mgongo, zinakufa kidogokidogo, misuli ikikosa amri inanyauka, mwisho hata ya kupumua. Kama mgonjwa 1 kati ya 10 hivi ana ndugu aliyeugua, kuna jeni za kurithi ambazo zikiwa na hitilafu zinaleta ugonjwa huu, SOD1 iliyogunduliwa kuhusika 1993 na C9orf72 2011. Wengine walio wengi chanzo hakijulikani. Sigara na madini ya risasi vinashukiwa kuongeza hatari, basi, hakuna aliyethibitisha zaidi. Na hili sio jambo dogo, maana wagonjwa wenye hitilafu ya SOD1 Marekani iliwaidhinishia dawa ya tofersen 2023, sasa mtu akiambiwa ni mawazo ataenda kupima jeni saa ngapi?

Halafu ile picha mliyoweka ya Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza. Aliambiwa anaumwa 1963 akaishi hadi 2018, ni kweli, lakini wengi wanaishi miaka 2 hadi 5 tu tangu dalili zianze, mngesema na hilo.

Na manesi nao, wananiuliza mimi "anajisikiaje?" wakati kaka yuko hapohapo anawaangalia, anasikia kila kitu na akili yake nzima.

Naomba masahihisho, yasomwe kwanza na daktari wa neva, muyaweke ukurasa uleule wa afya kwa herufi kubwa zilezile, sio kule nyuma kwenye matangazo. Na iwe wiki hii, shangazi kashaanza kuwapigia ndugu wengine.

Msomaji wenu